Ukuta wa Udongo Hauuawi na Mvua

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi mliokuja kwa sababu mna nyumba inayovuja au kiwanja kitupu, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa nyumba kwa vifaa vya asili: udongo, chokaa, mawe, mbao, mianzi, mabua. Nitafika huko. Lakini nitaanzia kwenye ukarabati, maana nyumba inayoidhulumu dunia kidogo kuliko zote ni ile ambayo tayari imesimama. Mawe yake yalishachimbwa, matofali yake yalishachomwa, moshi wake ulishapanda. Anayeibomoa ili ajenge nyingine iliyo rafiki wa mazingira anaanza kazi na deni, na mara nyingi hata hajui kwamba analo.

Sote tumekulia na ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni ya kweli. Ila haikutuambia tuuzibe kwa kitu gani, na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kwa miaka mingi sasa jibu limekuwa moja: saruji. Ufa kwenye ukuta wa udongo, saruji. Chokaa inapukutika, saruji. Ukuta wa chini una unyevu, piga plasta ya saruji nene zaidi. Nimeona kuta nyingi zilizozibwa ufa kwa namna hiyo ambazo wenyewe walilazimika kuzijenga upya, na kama zisingeguswa zingekuwa zimesimama mpaka leo.

Tuangalie kinachotokea ndani yake. Ukuta wa udongo, au wa mawe yaliyojengwa kwa chokaa, una vitundu vidogo vidogo visivyoonekana. Mvua ikiupiga, sehemu ya nje inalowa. Mvua ikikatika, upepo na jua vinayatoa yale maji kupitia njia zilezile yaliyoingilia. Ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, na unaweza kuendelea hivyo kwa karne kadhaa. Sasa upige plasta ya saruji. Saruji ni ngumu na haipindi. Ukuta ulio nyuma yake ni laini, nao hutanuka na kusinyaa kidogo kila siku kwa joto na unyevu. Plasta haiwezi kuufuata, kwa hiyo inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kwa urahisi kupitia nyufa hizo, lakini kutoka ni shida, kwa sababu plasta yenyewe haipitishi mvuke wa kutosha. Ni sawa na mtu aliyevaa koti la plastiki mchana wa jua kali: nje mkavu, ndani anatota.

Maji yaliyonaswa hayakai pale yalipoingia. Yanashuka. Yanakusanyika chini ya ukuta, mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote, na udongo uliokuwa mgumu kama jiwe unarudi kuwa tope. Kwa nje huoni kitu, plasta bado imenyooka na rangi bado inang'aa. Kisha siku moja upande mzima unakaa chini, na watu wanasema, unaona, nyumba ya udongo haina maisha.

Huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako mvua si mgeni, kuna nyumba za udongo uliokandwa na mabua zenye umri wa mamia ya miaka. Zimenyeshewa vizazi kwa vizazi. Katika karne ya 20 nyingi zilipigwa plasta ya saruji ili zilindwe, na kuta kadhaa zikaporomoka baada ya kupata ulinzi huo. Mvua ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni njia ya maji kutoka.

Kwa hiyo mtu akiniita kutazama nyumba ya zamani, sianzi na ukuta. Naanza na maji. Yanaingilia wapi? Ushauri wangu wa kwanza hauna gharama: chukua mwavuli, uizunguke nyumba yako mvua ikiwa inanyesha. Utaona gata iliyoziba inavyomwaga maji yote sehemu moja. Utaona tone la paa linavyochimba shimo mguuni pa ukuta na kurusha matope juu yake. Utaona ardhi ya nje ilivyopanda mwaka baada ya mwaka, kwa takataka, kifusi na bustani, hadi imepita kimo cha sakafu ya ndani. Hilo la mwisho ni chanzo cha unyevu mwingi kuliko watu wanavyodhani, na dawa yake ni koleo. Shusha ardhi ile, uipe mteremko wa kupeleka maji mbali, na mwaka ujao huenda usihitaji kitu kingine chochote.

Halafu ndipo tunagusa ukuta. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kitupu imeshaachana na ukuta. Tazama chumvi nyeupe inayochanua juu ya uso, hiyo ni alama ya njia ambayo maji yamekuwa yakipita. Saruji ibanduliwe kwa patasi na subira. Mashine ya kutikisa itaubomoa na ukuta wenyewe. Na ukishaibandua, ngoja. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kumwambia mwenye nyumba. Ukuta mnene uliolowa kwa miaka hauwezi kukauka kwa wiki mbili. Unahitaji miezi, na wakati mwingine unahitaji msimu mzima wa kiangazi. Fundi anayekuahidi kubandua Jumatatu na kupiga plasta mpya Ijumaa anakuuzia tatizo lilelile lenye sura nyingine.

Ukuta ukikauka, kanuni ni moja, na mafundi wa zamani waliifuata hata kama hawakuiandika: mchanganyo wa kuunganishia uwe laini kuliko kinachounganishwa, na plasta iwe laini kuliko ukuta. Nyumba itatikisika kidogo, hilo haliepukiki. Ikitikisika, ni heri upasuke mchanganyo, ambao utaujaza tena kwa mwiko, kuliko lipasuke tofali au jiwe. Ukuta wa udongo upewe plasta ya udongo au ya chokaa. Mawe ya chokaa yapewe chokaa. Rangi nayo ifuate sheria hiyohiyo. Rangi ya plastiki juu ya chokaa itafanya malengelenge na kubabuka, na watu watalaumu chokaa. Paka chokaa yenyewe: nyepesi kama maziwa, tabaka kadhaa, juu ya ukuta ulionyunyiziwa maji kwanza. Tabaka nene moja litapukutika. Mengi membamba yatashika.

Nimekaa sana kwenye ukuta wa zamani kwa makusudi, kwa sababu anayeelewa jinsi ukuta wa asili unavyokufa ameshajua nusu ya namna ya kujenga mpya.

Sasa, kwa nini tujisumbue? Kwa nini tusitumie saruji tu kama kila mtu? Uzalishaji wa saruji peke yake unatoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Wengi hudhani ni moshi wa tanuri tu, ambalo huunguza mawe kwa nyuzi joto zipatazo 1,450 za Selsiasi. Moshi upo, lakini zaidi ya nusu ya hewa hiyo inatoka ndani ya jiwe. Jiwe la chokaa likichomwa linaiachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake: kila kilo 100 za jiwe safi zinabakiza kilo 56 za chokaa, na kilo 44 zinapaa angani. Hata ukilichoma kwa nguvu za jua, hizo 44 zitapaa tu. Ongeza mchanga na kokoto: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira limekadiria kwamba dunia hutumia takriban tani bilioni 50 kwa mwaka, na kwamba mitoni na pwani huchotwa kwa kasi kuliko maumbile yanavyoweza kuzirudisha.

Chokaa nayo inatoka kwenye jiwe hilohilo, na sitaki mtu anishike shati akisema nimeificha. Tofauti yake ni kwamba inachomwa kwa moto mdogo, nyuzi 900 hivi, na ikishapakwa ukutani inaendelea kuivuta hewa ya ukaa kutoka angani polepole mpaka igeuke tena kuwa jiwe. Ndivyo inavyokuwa ngumu. Hairudishi moshi wa kuni au makaa, lakini inarudisha sehemu ya kile ilichotoa. Na mafundi, macho yenu. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka, na hata ile iliyozimwa inaunguza ngozi na macho. Miwani na glavu si mapambo.

Simkatazi mtu saruji. Kuna mahali inastahili: msingi kwenye ardhi yenye maji, lenta (ile boriti ya juu ya milango na madirisha), tangi la maji. Ninachokataa ni kuimwaga kila mahali kwa mazoea.

Tuingie kwenye udongo. Udongo si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wanaoanza kwa shauku huharibikiwa. Tabaka la juu, lile jeusi lenye mizizi, ni la mimea, lirudishe shambani. Unaoutaka uko chini yake, nao ni mchanganyiko wa changarawe, mchanga, vumbi laini sana, na mfinyanzi. Mfinyanzi ndio gundi. Mchanga ndio mifupa. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka unapokauka, kwa sababu mfinyanzi huvimba kwa maji na kusinyaa ukikauka. Ukipungua, tofali litamomonyoka mkononi. Kwa ukuta wa kushindilia, yaani udongo unaopigwa ndani ya fremu ya mbao mpaka ushikamane, tafuta udongo ambao theluthi moja hivi ni mfinyanzi na vumbi laini, na uliobaki ni mchanga na changarawe. Kwa tofali la kukausha juani unaweza kuvumilia mfinyanzi zaidi ukiongeza mabua yaliyokatwakatwa, yanayozuia nyufa zisikimbie.

Utajuaje bila maabara? Chukua chupa ya kioo yenye kuta zilizonyooka, uijaze udongo hadi theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiweke mahali isipoguswa. Mchanga utatua ndani ya dakika moja. Vumbi laini litachukua saa kadhaa. Mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi, na utauona kama tabaka laini juu ya yote. Pima kila tabaka kwa rula.

Kipimo kingine ni cha mkono. Kanda udongo usio na mawe, uviringe uwe kijiti chenye unene wa sentimita 3, kisha kisukume taratibu kivuke ukingo wa meza mpaka kikatike. Kikikatika kabla ya sentimita 5, mfinyanzi ni mchache. Kikizidi 15, ni mwingi. Katikati hapo, una udongo wa kufanyia kazi. Cha tatu: tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ukijaze udongo uliolowa, uukaushe kivulini kwa wiki moja, halafu upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana, mfinyanzi umezidi. Mbinu hii imetumika sana na wanaofyatua matofali kwa mashine ya mkono, ile iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Ni chuma chenye mkono mrefu, hakitumii umeme, na watu wawili watatu wanaweza kukiendesha.

Matofali ya kushindilia kwa mashine mara nyingi huongezewa saruji au chokaa, asilimia 5 hadi 8 hivi. Udongo wenye mchanga mwingi hupatana na saruji, wenye mfinyanzi mwingi hupatana na chokaa. Lakini kosa kubwa haliko kwenye mchanganyo, liko siku ya pili. Watu wanayaacha matofali juani yakauke upesi. Yafunikwe, yamwagiliwe, yakae kivulini kama wiki nne. Tofali lililokaushwa haraka ni saruji iliyotupwa bure. Na kama udongo wako ni mzuri na ukuta una kinga ya paa na msingi, jiulize kwanza kama unahitaji kuongeza chochote. Udongo usioongezwa kitu, siku nyumba ikichoka, unaloweshwa na kujengewa tena. Ulioongezwa saruji hauwezi.

Kinga hizo mbili ndizo zinazotenganisha nyumba ya miaka mitano na nyumba ya miaka mia. Chini, msingi wa mawe au tofali la kuchoma upande juu ya ardhi angalau sentimita 30, na zaidi penye mvua za kishindo. Juu, upenu mpana unaotupa maji mbali na ukuta. Mwenye fedha kidogo azimalizie hapo. Vigae vya sakafuni vinaweza kusubiri.

Francis Kéré, mbunifu kutoka Burkina Faso, aliielewa hesabu hiyo vizuri. Shule ya msingi ya Gando, kijiji alichozaliwa, ilikamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoongezwa saruji kidogo, wanakijiji wenyewe wakishiriki kuyafanya. Paa ni la bati, kitu ambacho wapenzi wa asili hukikunjia uso, kwa sababu bati chini ya jua hugeuza chumba kuwa tanuri. Yeye aliliinua juu ya dari kwa fremu nyepesi ya nondo, likatokeza mbali nje ya kuta. Hewa inapita kati ya dari na bati na kuondoka na joto, na mvua haiufikii ukuta. Udongo, saruji kidogo, bati, nondo: kila kimoja kimewekwa pale kinapofanya kazi yake. Mwaka 2022 Kéré alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya ubunifu wa majengo, ya kwanza kwenda kwa Mwafrika, na mimi nikiulizwa nioneshe mfano mmoja tu huonesha paa lile.

Wengine watasema hiyo ni shule isiyo na ghorofa. Nendeni Shibam, Yemen. Mji mzima wa maghorofa ya tofali mbichi, mengine yakikaribia mita 30, mengi yakiwa na asili katika karne ya 16. Yamedumu kwa sababu wakazi wake hawajaacha kuyapaka: juu chokaa, chini matengenezo. Na mji huo haujawahi kuwa salama kwa maji ya mafuriko yanayoupiga kutoka chini. Mafuriko ya Oktoba 2008 katika bonde la Hadhramaut yaliubomolea nyumba.

Msikiti mkuu wa Djenné, Mali, ulijengwa kwa sura yake ya sasa mwaka 1907. Ile miti mnayoiona imechomoza ukutani kwenye picha ina kazi: ni ngazi ya kudumu ya mafundi, maana kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika upya. Udongo unajua deni lake na unalidai kila mwaka. Hata hivyo, Novemba 2009, baada ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, sehemu ya juu ya mnara mmoja ilianguka. Wakaijenga tena, kwa udongo uleule. Hebu fikiria mnara wa zege uliopasuka kiasi hicho ungewagharimu nini.

Ninyi mnaotaka nyumba isiyohitaji kuguswa kwa miaka 30, ni bora niwaambie mapema kwamba nyumba ya udongo si yenu. Si kasoro ya udongo wala si kasoro yenu. Ni makubaliano ambayo hamjayakubali.

Tena kuna jambo zito zaidi, na anayelificha katika mikutano kama hii anahatarisha watu. Tarehe 26 Desemba 2003 tetemeko liliupiga mji wa Bam, Iran. Watu zaidi ya 26,000 walikufa, wengi chini ya kuta na mapaa mazito ya tofali za udongo. Udongo unabeba vizuri mzigo unaoshuka wima. Ukisukumwa upande na kuvutwa, hauna nguvu, na ukuta usiofungwa unafunguka kwenye kona. Anayejenga kwa udongo mahali penye matetemeko bila kuufunga ukuta anajenga kaburi. Dawa ipo. Watafiti wa Chuo Kikuu Katoliki cha Peru, mjini Lima, wamekuwa wakiitafuta tangu miaka ya 1970: fito au mianzi ya kusimama na ya kulala ndani ya ukuta, wavu imara unaokumbatia pande zote mbili, na mkanda wa juu unaofunga kuta zote pamoja. Milango na madirisha yawe membamba na mbali na kona. Paa liwe jepesi. Ukuta ulioimarishwa hivyo unaweza kupasuka vibaya, lakini haukuangukii, na watu wanapata nafasi ya kutoka.

Tena pale penye matetemeko, nyumba za fito na udongo mara nyingi ni jibu bora kuliko tofali zito, kwa sababu fremu yake inayumba bila kuachana.

Mianzi inatosha hotuba yake yenyewe, nitasema machache. Inakomaa kwa miaka 3 hadi 5, wakati mti wa mbao unahitaji miongo. Ikatwe ikiwa imekomaa, itibiwe kwa chumvi za boroni ili wadudu wasiipende, na isiguse ardhi wala kunyeshewa. Usiipigilie msumari, itapasuka. Itobolewe kwa kekee na kufungwa kwa bolti. Anayelalamika kwamba mianzi yake ilioza ndani ya miaka miwili, nitamuuliza aliichimbia chini? Jibu huwa ndiyo.

Mbao nazo ni hivyohivyo: ikae kavu, ipate hewa, chini yake kuwe na jiwe, na kati yake na jiwe kuwe na ngao ya bati ya kumlazimisha mchwa ajitokeze tumwone. Hekalu la Horyu-ji, Nara, Japani, lina majengo ya mbao yenye umri wa takriban miaka 1,300. Mti wenye uzito wa kilo 500 kwa mita ya ujazo umefungia hewa ya ukaa karibu kilo 900 katika kila mita hiyo, na itabaki humo kadiri mbao itakavyodumu. Lakini hesabu hiyo ina maana pale tu ambapo mti mwingine umepandwa na kukua. Mbao iliyoibwa msituni ni kifaa cha asili pia.

Mabua ndiyo ninayoulizwa kwa kicheko. Nyumba ya majani? Haitaungua? Kule Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, walowezi waliokosa miti waligundua kwamba marobota ya mabua yaliyofungwa kwa mashine yanaweza kupangwa kama matofali. Baadhi ya majengo ya miongo ile ya mwanzo bado yapo. Robota lililobanwa vizuri na kupigwa plasta pande zote haliungui kirahisi, kwa sababu ndani halina hewa ya kutosha kulisha moto. Hatari ya moto ni siku za ujenzi, mabua yakiwa yamezagaa chini na mtu anavuta sigara. Adui wake halisi, tena, ni maji: unyevu ukizidi asilimia 20, yanaoza.

Hapa nisahihishe kosa ninalolisikia hata kwa wasomi. Wanasema ukuta wa udongo unazuia joto. Hauzuii, unalichelewesha. Ni mzito, kilo 1,700 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unalimeza joto la mchana na kulitoa saa nyingi baadaye. Penye mchana wa joto na usiku wa baridi hiyo ni neema, maana joto linakufikia unapolihitaji. Penye joto la usiku na mchana bila kupumzika, ukuta mnene utakurudishia joto kitandani. Huko unataka ukuta mwembamba, kivuli na upepo unaopita. Penye baridi kali ya miezi, unataka mabua au nyuzi za mimea zinazoshika hewa. Hakuna kifaa bora kila mahali, na anayekuuzia kimoja kwa hali zote za hewa ni mfanyabiashara.

Na neno asili lisitulaze usingizi. Asbestosi ni madini ya asili kabisa, yanachimbwa ardhini, na inaua kwa saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kote mwaka 2005. Mkikarabati nyumba ya zamani yenye paa la vigae vya kijivu vya mawimbi, msikate, msitoboe, msivunje kabla halijakaguliwa na wenye ujuzi. Vivyo hivyo rangi za zamani zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu: msizikwangue kavu mbele ya watoto.

Mwisho, watu. Hassan Fathy, mbunifu wa Misri, alianza kujenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor katikati ya miaka ya 1940. Matofali ya udongo, mapaa ya kuba yasiyohitaji mbao, ua wa ndani wa kila familia. Kazi nzuri sana. Lakini wanakijiji walikuwa wanahamishwa kutoka makazi yao ya zamani bila kupenda, na wengi hawakwenda. Kijiji hakikukamilika, na baadaye maji ya chini ya ardhi na chumvi yakazila nyumba nyingi. Kila mtaalamu anayekuja na mchoro wa nyumba ya asili kwa ajili ya watu ambao hakuwauliza angefaa kupita pale kwanza.

Mafundi, nanyi nina neno lenu. Katika nyumba ya saruji, fedha nyingi inakwenda kwenye kifaa. Katika nyumba ya udongo kifaa ni rahisi, wakati mwingine ni bure, na gharama inahamia kwenye mikono yenu. Mwenye nyumba atataka kulipa udongo kwa bei ya udongo. Msikubali. Anachonunua ni ujuzi wa kuuchagua, kuupima, kuuchanganya na kuusubiri. Na ili mlipwe kama wajuzi, andikeni. Kila kazi, iandike: udongo ulitoka wapi, uwiano ulikuwa upi, uliongezwa nini, ulikaa siku ngapi kabla ya kutumika. Mwachie mwenye nyumba nakala, ili fundi atakayekuja baada ya miaka 20 ajue akarabati kwa kutumia nini. New Zealand ina viwango rasmi vya ujenzi wa udongo tangu 1998, na Ujerumani ilitoa vya matofali ya udongo mwaka 2013. Viwango hivyo vilitokana na watu waliopima na kuandika, na ndivyo vinavyomwezesha afisa wa vibali kutia saini, na benki kukopesha.

Nimeona mkono umenyooshwa pale nyuma tangu nilipoanza kuisema saruji. Tuanze na wewe.